Somo la Amani Lililoanzia Sokoni Wajir

Mwaka 1993, mjini Wajir, mambo yalifika mahali ambapo mama wa ukoo mmoja hangeweza kununua maziwa kwa mama wa ukoo mwingine. Soko lilikuwa limegawanyika kama mji wenyewe: Waajuran, Wadegodia na Waogaden, kila watu na upande wao. Nje ya mji watu walikuwa wakiuana kwa ajili ya ng'ombe, ngamia na visima.

Naanzia sokoni kwa sababu leo kijana wa Garissa au Mandera akipata nafasi chuoni kusomea amani na usuluhishi wa migogoro, wazazi humuuliza swali moja: utafanya kazi gani? Ni swali la haki, maana karo huenda imetoka kwenye ngamia aliyeuzwa. Lakini wengi huiona taaluma hiyo kama kitu kilicholetwa kutoka mbali. Historia inasema vingine. Sehemu ya mafunzo hayo, na ya kitabu chake kinachosomwa katika nchi nyingi, ilipikwa hapa Kaskazini Mashariki, na waliopika wengi wao walikuwa wanawake.

Kwa muda mrefu serikali ilikuwa na dawa moja kwa eneo hili, nayo ni jeshi. Desemba 1963, wiki chache tu baada ya uhuru, ilitangazwa hali ya hatari. Vita vya Shifta, vya waliotaka eneo hili lijiunge na Somalia, vilipigwa hadi mkataba wa Arusha wa Oktoba 1967, ambao Rais Kenneth Kaunda wa Zambia alisaidia kuufanikisha. Vita viliisha, hali ya hatari ikabaki. Iliondolewa Novemba 1991, baada ya karibu miaka 28. Katikati ya miaka hiyo kuna mauaji ya Bulla Kartasi, Garissa, Novemba 1980, na kuna Wagalla, Februari 1984, ambako wanaume wa Kidegodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege na mamia wakafa. Mtoto aliyekulia hapo alijua kwamba ugomvi ukitokea, kinachofuata ni lori la askari.

Kisha mambo yakaja kwa pamoja. Serikali ya Siad Barre nchini Somalia ilianguka Januari 1991, na bunduki zikavuka mpaka pamoja na wakimbizi. Ukame ukala mifugo. Uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 ukageuza ukoo kuwa hesabu ya kura. Wajir ikawaka.

Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa Wajir mwaka 1964, alikuwa mama kijana wakati huo. Usiku mmoja milio ya risasi ilimlaza uvunguni mwa kitanda akiwa amemkumbatia mtoto wake. Asubuhi mama yake akamkumbusha kwamba yeye naye aliwahi kujificha vivyo hivyo, na mtoto aliyekuwa kifuani wakati ule alikuwa Dekha. Vizazi viwili, uvungu ule ule.

Wanawake wachache walianza kuzungumza kuhusu balaa hilo walipokutana arusini. Hawakuanza kwa kudai katiba wala kwa kuitisha kongamano. Walianza na soko. Walikubaliana kwamba mwanamke yeyote, wa ukoo wowote, auze na anunue bila kubughudhiwa, wakaunda kamati ya kulinda jambo hilo. Kosa dogo likitokea kwenye meza za maziwa, walilifikia kabla halijafika nyumbani na kutoka huko na panga.

Amani ya sokoni haikuzuia wanaume kupigana porini, kwa hiyo wanawake hao wakaenda kwa wazee. Hapo ndipo ninapoona ufundi ambao mwalimu yeyote angejivunia kuufundisha. Mzee wa ukoo mkubwa akifungua kikao, koo nyingine husikia amri. Basi wakamtafuta mzee wa ukoo mdogo kabisa, asiyetisha mtu, wakapanga naye mapema. Kikao kilipokaa, yeye ndiye aliyewauliza wenzake kwa nini hasa wanapigana, na ni nani anayefaidika. Wazee wakabaki na swali lisilokwepeka. Septemba 1993 lilizaliwa Azimio la Al-Fatah, lililoweka taratibu za kurudisha mifugo, kulipa diya, yaani fidia ya damu, na kuishi pamoja.

Baada ya hapo kazi ilipanuka. Walijiunga vijana, mashekhe, wafanyabiashara, na mkuu wa wilaya mwenyewe. Kiliundwa kikosi cha dharura cha wazee, wanawake na maafisa wa usalama, kilichokimbilia mahali palipotokea mauaji au wizi wa mifugo kabla ya kisasi. Mwaka 1995 juhudi hizo zikaunganishwa kuwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, chini ya kamati ya maendeleo ya wilaya. Mfano huo wilaya nyingine zikauiga. Baada ya umwagaji damu wa uchaguzi wa 2007, kamati za amani zikatakiwa nchi nzima.

Vyuo navyo vilikuwa na safari yao. Uppsala, Sweden, ilianzisha idara ya utafiti wa amani mwaka 1971. Bradford, Uingereza, ikafuata mwaka 1973, na Adam Curle akawa profesa wake wa kwanza. Hapa Kenya, Chuo cha Hekima kilifungua taasisi ya masomo ya amani Nairobi mwaka 2004, na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, kina idara yake. Lakini njia hizo mbili, ya chuo na ya soko, zilikuwa zimekutana mapema zaidi, mjini Birmingham. Huko, shirika la Responding to Conflict lilikuwa likiwakusanya watenda kazi wa amani kutoka mataifa mbalimbali, na Dekha akawa mmoja wa wakufunzi wake. Mwaka 2000 wakatoa kitabu, Working with Conflict, kilichoandikwa na watu sita. Ndani yake kuna zana ambazo mwanafunzi wa leo hukutana nazo mapema: ramani ya mgogoro, mti wenye mizizi ya chanzo na matawi ya madhara, kitunguu kinachomenywa tabaka kwa tabaka kutoka anachosema mtu hadi anachohitaji. Na ndani yake kuna Wajir.

Zana hizo hazijamaliza ubishi wote. Azimio la Modogashe la 2001, lililofikiwa na viongozi wa wilaya za huku na kupitiwa upya Garissa mwaka 2005, liliweka diya ya ngamia 100 kwa mwanamume aliyeuawa na ngamia 50 kwa mwanamke. Kipimo hicho kina misingi yake ya kidini na kimila, na kimezuia visasi vingi. Hata hivyo hunichoma kila nikisoma, kwa kuwa waliofungua njia ya maazimio hayo walikuwa akina mama. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inazitaka mahakama kukuza njia za kimila za kutatua migogoro, mradi zisivunje haki za binadamu. Kati ya ngamia 100 na 50, pamoja na kifungu hicho, kuna tasnifu inayomsubiri msichana wa Garissa mwenye ujasiri na adabu ya kuwakabili wazee.

Julai 2011 Dekha alipata ajali ya barabarani akisafiri kwenda kwenye mkutano wa amani Garissa. Alifariki tarehe 14. Alikuwa amepokea tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Ghasia za uchaguzi zilipoanza mwishoni mwa mwaka huo huo, alijitosa Nairobi pamoja na Balozi Bethuel Kiplagat na Majenerali Opande na Sumbeiywo kutafuta suluhu. Mwaka huo wa kifo chake, kilichokuwa chuo cha ualimu Garissa kikawa Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, cha kwanza cha umma katika eneo hili. Aprili 2, 2015, magaidi waliwaua watu 148 hapo, wengi wao wanafunzi. Madarasa yakafungwa, yakafunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 chuo kikapata hati yake kamili.

Kuhusu kazi, nitasema ninavyoona. Zipo: katika serikali za kaunti, katika tume ya uwiano na utangamano, katika upatanishi unaoambatana na mahakama, na katika mashirika ya Dadaab, ambako tangu 1991 wakimbizi na wenyeji wamegombania hata kuni. Ila shahada peke yake haitoshi. Anayejua kuandika ripoti nzuri lakini hawezi kukaa kikao cha siku tatu chini ya mti, akasikiliza nasaba za vizazi saba bila kutazama saa, huyo wazee watamkaribisha chai na shauri watalimaliza bila yeye. Na asiyejua kuandika, yale aliyoyapatanisha yatakufa pamoja na mashahidi. Dekha aliyaweza yote mawili.

Mzazi anayesita na karo, mwanawe akienda maktaba amwombe amwonyeshe kile kitabu cha mwaka 2000. Jina la kwanza kwenye orodha ya waandishi ni la Mwingereza, Simon Fisher. La pili ni la binti wa Wajir.