Unajifunza Kijapani? Shika vijineno hivi 6 kwanza

Kijapani kina vijineno vinavyokaa nyuma ya nomino na kuonyesha nani katenda nini. Ukivikosea, maana inageuka.

Ga na o: Ga humfuata mtenda, o humfuata mtendwa. "Inu ga neko o oikaketa" ni mbwa alimkimbiza paka. Hata ukianza na paka, "Neko o inu ga oikaketa", maana ni ileile. Ila sema "Inu o neko ga oikaketa" uone: sasa paka ndiye aliyemkimbiza mbwa!

Wa: Hutaja unayemzungumzia. "Watashi wa gakusei desu", mimi ni mwanafunzi. Huandikwa kwa herufi ya "ha" lakini hutamkwa "wa".

Ni na de: "Tokyo ni imasu", nipo Tokyo. "Tokyo de hatarakimasu", nafanya kazi Tokyo. Kuwepo mahali ni "ni", kufanya jambo pale ni "de". Usafiri pia ni "de": "basu de", kwa basi.

No: Mwenye mali hutangulia. "Sensei no hon", kitabu cha mwalimu.

Usikariri kijineno peke yake. Kikariri pamoja na kitenzi chake, hutachanganya.