Karabai na Redio Mikononi mwa Wenyewe: Maneno Machache juu ya Ukingo wa Ziwa Tanganyika

Asili ya neno karabai ni kabaidi, yaani lile jiwe ambalo likitiwa maji hutoa gesi ya kuwaka. Taa za namna hiyo zilipoondoka, jina halikuondoka nazo. Likahamia taa ya mafuta yenye pampu, ambayo haina jiwe wala maji.

Mwamgongo ni kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Gombe, na kwa muda mrefu njia yake ya kwenda Kigoma ilikuwa ni maji. Zamani wavuvi wa ziwa hili waliwasha kuni mtumbwini, wakachota dagaa kwa wavu wa mkono uitwao lusenga. Katika miaka ya 1950 karabai ikashika mahali pa kuni, na tangu hapo taa kuharibika ni kupoteza usiku mzima wa kazi.

Na tutazame maradhi yake. Pampu hubana upepo, upepo huyasukuma mafuta, nayo hupanda katika bomba la moto, yakawa mvuke, yakatokea kwa tundu dogo mno. Masizi yakiliziba, mwanga hufifia. Asiyejua hulizibua kwa sindano ya kushonea, akalipanua. Mafuta hutoka kupita kiasi, na mwali ukawa mwekundu wenye moshi. Ngozi ya pampu ikikauka, upepo haushikiki, na dawa yake ni matone ya mafuta tu. Lakini kile kifuko cha nyuzi, kikishachomwa mara ya kwanza, ni jivu tupu: kukigusa ni kukivunja. Heri kuifungua taa siku za mwezi mpevu, ambapo dagaa hawaufuati mwanga.

Redio ilileta taabu nyingine. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, zama za valvu, transista zikafuata. Betri ikisahaulika ndani, kopo lake la zinki hutoboka, na dawa itokayo hula shaba. Pasipo umeme mtu hulehemu kwa chuma kilichopashwa makaani, na joto likizidi, waya hushika lakini transista hufa. (Mwandishi wa maneno haya, pamoja na shahada zake, aliua redio kuukuu ng'ambo kwa njia hiyo hiyo.) Lehemu ni neno la Kiarabu, fundi wa redio alilirithi kwa wafua vyombo. Kwa taa, basi, lugha ilihamisha jina la kitu. Kwa redio, jina la kazi.

Hapana shaka kamusi zetu zinalo neno karabai. Majina ya viungo vyake, kama yasemwavyo ukingoni mwa ziwa, ni jambo jingine, nayo yafaa kuandikwa wangali hai waliozifungua. Kwani ziwani taa za diodi zimekwisha chukua nafasi ya karabai nyingi. Hizo hazina pampu, ngozi wala tundu, na nyingine zimefungwa kwa gundi, hata atakaye kuitengeneza hana budi kuivunja kwanza.