Mshahara wa Mwalimu na wa Daktari Wakati wa Dhiki

Yafaa katika taarifa hii ya mwaka tukumbushane jambo lililotugusa sote. Mwenye duka, bei zikipanda, naye hupandisha zake. Mwalimu na daktari wa serikali hawana njia hiyo. Mshahara wao umekwisha andikwa, nao hupungua pasipo mtu kuupunguza.

Mnamo Novemba 1991 mataifa yaliyokuwa yakiisaidia Kenya yalikutana Paris, yakazuia msaada wao. Shilingi ikashuka thamani, na mwaka 1993 bei zikapanda kwa zaidi ya asilimia 40. Aliyepokea shilingi zile zile alirudi nyumbani na kikapu chepesi. Mwaka 1994 madaktari wa hospitali za serikali waligoma kwa miezi kadhaa, wakidai mshahara bora na haki ya kuwa na chama cha wafanyakazi. Chama hawakupewa, kilikuja kuandikishwa mwaka 2011. Baadhi yao walihamia nchi za kusini mwa Afrika, na aliyebaki akingoja ni mgonjwa.

Oktoba 1997, uchaguzi ukikaribia, walimu nao waligoma chini ya chama chao, KNUT. Serikali ilikubali nyongeza ya asilimia 150 hadi 200, ilipwe katika miaka mitano. Fungu la kwanza lilitolewa. Lakini mwaka huo huo Shirika la Fedha la Kimataifa lilisimamisha mkopo wake, na mvua za El Niño zikaharibu barabara na madaraja. Serikali ikasema hazina haina kitu. Mwaka 1998 walimu waligoma tena, wakarudi darasani mikono mitupu, na kuajiri walimu wapya kukasimamishwa. Kilichobaki kilikubaliwa upya mwaka 2003, serikali ilipokwisha kubadilika, kikalipwa kwa mafungu.

Ahadi ni deni, na deni lisilolipwa na hazina halipotei. Hulipwa na mwingine. Hapa lililipwa na mtoto aliyebanwa katika darasa lililojaa, na mgonjwa aliyelala pasipo daktari.

Basi wazee wetu, dhiki ikirudi, na mkisikia barazani kwamba walimu na madaktari wana tamaa, ulizeni kwanza: kikapu chao kina uzito gani leo kuliko jana? Anayewatetea anawatetea wajukuu wake.