Pishi, Sahani ya Zinki na Tarakimu 20

Anayenunua makaa Majengo, mtaani Pumwani, Nairobi, hagombani na muuzaji kuhusu bei. Bei ya mkebe wanaijua wote wawili. Ugomvi ni wa mkebe wenyewe: umebonyezwa kitako? Makaa yamejazwa sawasawa, au yamepangwa kijanja yakaacha mapengo katikati? Mnunuzi husimama hapo hapo akikodoa macho mpaka kipimo kimwagwe kwenye mfuko wake. Utamaduni huu wa kupima mbele ya macho ya mnunuzi ni mkongwe kuliko Nairobi. Pwani walipima kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, na hata leo Mwislamu anayetoa zaka ya Fitri Ramadhani inapokwisha huhesabu pishi ya chakula kwa kila mtu wa nyumbani kwake. Qurani ina sura, Al-Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Katika miji ya Kiislamu ya zamani muhtasib alizunguka sokoni akikagua mizani na vibaba vya wafanyabiashara.

Stima haina rundo la kukodolewa macho. Thomas Edison alilikabili tatizo hili alipofungua kituo chake cha Pearl Street, New York, Septemba 1882. Mita yake ya kwanza ilikuwa chupa yenye sahani za zinki zilizozamishwa ndani ya maji ya kemikali. Umeme ulipopita, zinki ilihama kutoka sahani moja hadi nyingine, na kila mwezi mtu wa kampuni alizichukua sahani akaenda kuzipima uzito, kisha hesabu ikaandikwa. Wakati wa baridi kali taa iliwashwa ndani ya kisanduku cha mita ili yale maji yasigande. Ubunifu mkubwa, lakini tazama ni nani aliyeshika mizani: muuzaji peke yake. Mteja aliletewa karatasi tu. Mwaka 1889 Ottó Bláthy wa Hungaria alitengeneza mita ya kisahani kinachozunguka, na walau sasa mteja aliweza kukiona kinavyokimbia pasi ikichomekwa. Malipo hata hivyo yalibaki ya mwisho wa mwezi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, ila lilikaa kwa muuzaji.

Huo ndio utaratibu uliofika kwetu. Kampuni za umeme za Mombasa na Nairobi ziliungana mwaka 1922 zikawa East African Power and Lighting, wakati ule ule serikali ya mkoloni ilipokuwa ikiwakusanya Waafrika wa Nairobi katika mtaa mpya wa Pumwani. Bili ya mwezi inamfaa mwenye mshahara wa mwezi. Mtu anayebeba mizigo soko la Gikomba na kulipwa jioni hununua unga wa jioni ile, na makaa ya jioni ile.

Ndiyo sababu tokeni, stima inayolipiwa kabla ya kutumiwa, ilipokelewa vizuri. Kenya ilianza kufunga mita za kulipia kabla mwaka 2009, Watanzania wakiwa tayari na mita zao za Luku. Ukilipa, unapokea tarakimu 20, unazibonyeza kwenye kidude cha mita, yuniti (kWh) zinaongezeka. Mfumo wenyewe ulizaliwa Afrika Kusini, na huko haukupendwa kila mahali. Wakazi wa Phiri, Soweto, walipofungiwa mita za maji za aina hiyo walikwenda mahakamani, wakashindwa mbele ya Mahakama ya Katiba mwaka 2009. Kwao, mita iliyojifunga yenyewe ilikuwa polisi aliyewekwa mlangoni. Huku Eastlands, mashariki mwa Nairobi, nasikia zaidi malalamiko ya bei na ya kukatika kwa stima kuliko malalamiko ya mita. Naona tofauti imetokana na historia: Soweto watu waligoma kulipa kwa sababu za kisiasa, Pumwani watu walikwisha kuzoea kununua kila kitu kwa kipimo kidogo, fedha mkononi.

Tokeni basi inakaribiana zaidi na pishi kuliko na bili ya Edison. Unajua ulichonunua kabla ya kukitumia. Ukisoma kidude asubuhi na jioni unajua friji imekula kiasi gani.

Ila nyumba za Pumwani hazikujengwa kwa ajili ya mita moja kwa kila jamaa. Nyumba ya Kiswahili ni ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake The Comforts of Home cha 1990, ameonyesha jinsi wanawake wengi walivyojenga na kumiliki nyumba hizi za kupangisha enzi za ukoloni. Leo chumba kimoja ni familia nzima, na mara nyingi vyumba vyote vinanyonya mita moja. Hapo pishi inavunjika. Piga hesabu: taa ya wati 9 ikiwaka saa tano kila siku hula yuniti 1.35 kwa mwezi. Televisheni ya wati 50 kwa saa sita hula 9. Pasi ya wati 1,000, robo saa mara nane kwa mwezi, hula 2. Chumba hicho hakifiki yuniti 13. Jirani anayepasha moto maji ya kuoga, ndoo ya lita 20, kwa hita kila alfajiri hutumia zaidi ya nusu yuniti kwa ndoo moja, yaani kama 17 kwa mwezi kwa kuoga tu. Anayepika maharagwe kwa koili ya wati 1,000 kwa saa mbili amemaliza yuniti 2 kabla sufuria haijaepuliwa. Wakichanga sawa kwa sawa, wa taa na televisheni anamwogesha jirani. Mwenye nyumba anapopiga marufuku koili, wapangaji humwita katili. Mimi namwona mtu asiye na kipimo, aliyebaki na amri tu.

Na kuna hasara ya pili, ambayo haisemwi sana. Tangu Aprili 2023 bei ya nafuu ya Kenya ni ya mteja asiyezidi yuniti 30 kwa mwezi, kisha kuna ngazi ya hadi 100, na juu yake ngazi ghali zaidi. Vyumba kumi vya yuniti 20 kila kimoja, vyote vya watu wa chini, mbele ya mita moja ni mteja wa yuniti 200. Nafuu iliyowekewa maskini inawapita maskini kwa sababu wamejaa chini ya paa moja. Tanzania ina mtego huo huo kwenye mpaka wake wa bei nafuu wa yuniti 75 kwa mwezi. Uingereza waliwahi kuwa na hali inayofanana: mpangaji wa chumba alitumbukiza shilingi kwenye mita, na mwenye nyumba akaweza kuirekebisha mita hiyo ili auze ghali kuliko alivyonunua. Sheria ya huko sasa inamkataza kumtoza mpangaji zaidi ya alicholipa yeye.

Baada ya pishi na mita, utamaduni wa tatu wa kupima ni wa kubandika kipimo kwenye mashine yenyewe. Wamarekani wana karatasi ya manjano tangu 1980, inayotaja dola za mwaka. Ulaya wana herufi, ambazo zilipanda hadi A yenye alama tatu za kujumlisha, wakalazimika kuanza upya na A hadi G mwaka 2021. Kenya ilitunga kanuni mwaka 2016, nyota moja hadi tano. Nyota zinamfaa anayenunua friji mpya dukani. Friji ya mtumba ilikwisha kubanduliwa karatasi yake huko ilikotoka.

Kwa hiyo rudi kwenye mita. Tafuta maandishi imp/kWh. Yakisema 1000, kila mmweko wa taa nyekundu ni sehemu moja ya elfu ya yuniti. Zima kila kitu, acha kifaa kimoja. Pasi ya wati 1,000 itamweka kama mara 17 kwa dakika, televisheni ya wati 50 mara moja kwa sekunde 72. Friji huwaka na kupumzika, kwa hiyo isomee siku nzima. Katika nyumba ya vyumba kumi jaribio hili halifanyiki mpaka majirani wote wakubali kuzima, na hilo nalo lina faida yake, maana watakuwa wamesimama mbele ya mita pamoja. Mwenye nyumba akifunga mita ndogo kwa kila chumba, ugomvi wa ukumbini utapungua, lakini bei itabaki ya yuniti 200. Kuirekebisha bei hiyo ni kazi ya EPRA, mdhibiti wa nishati wa Kenya: kuhesabu vyumba kabla ya kuhesabu yuniti.