Mshauri wa Kiwandani

Historia ya vyama vya wafanyakazi twaizoea kwa habari za migomo na madai ya mishahara. Liko jambo jingine ambalo halikupigiwa kelele: kazi ya washauri wa vyama, iliyoanza Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Marekani ilipoingia vitani Desemba 1941, viwanda vya magari vya Detroit viligeuzwa kutengeneza vifaru na ndege za mabomu. Maelfu ya watu, weusi kwa weupe, walihamia huko kutoka majimbo ya kusini, na wanawake wengi wakaingia viwandani. Nyumba hazikutosha, watoto walikosa walezi, na mgeni aliyewaacha jamaa zake mbali hakuwa na wa kumwuliza.

Ofisi za ustawi wa jamii zilikuwapo, na wafanyakazi wenyewe walichangia mifuko ya misaada. Lakini wengi waliona kwamba misaada ile ni ya mafukara, na kubisha hodi huko ni aibu. Ndipo shirikisho la vyama lililoitwa CIO, ambalo kamati yake ya misaada ya vita iliongozwa na Leo Perlis, likaanza kuwafundisha wanachama walioaminiwa na wenzao. Walijifunza ofisi ipi yahusika na shida gani, nani astahili kusaidiwa, na hati zipi zatakiwa. Walijifunza pia kusikiliza na kutunza siri. Zaidi ya yote walifundishwa mpaka wao: mshauri si daktari wala mwanasheria, kazi yake ni kumfikisha mwenzake mlangoni, kisha kuuliza kama alipokewa.

Mpaka huo, kwa maoni yangu, ndio uliookoa kazi yote. Mtu aliyelemewa na ulevi au madeni hakuthubutu kumweleza msimamizi wake, asije akafukuzwa. Wala karani wa mjini hakumjua. Alimjua yule aliyesimama naye kwenye mashine moja. Siri ikivuja mara moja tu, nani angekuja tena?

Mwaka 1955 CIO iliungana na AFL, na Perlis akaongoza idara ya huduma za jamii ya shirikisho jipya. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini mafunzo yaliendelea. Mwaka 1959 wafanyakazi wa chuma wapatao nusu milioni waligoma siku 116 bila mshahara, na katika nyumba nyingi swali likawa lile lile la Detroit: mlango upi tubishe hodi?