Mipango Miji Endelevu: Istilahi na Miteremko ya Mosocho

Istilahi ya mipango miji endelevu hutaja utaratibu wa kuamua mapema ardhi ya mji itatumikaje, yaani makazi yawe wapi, barabara zipite wapi, maji yatoke wapi na taka ziende wapi, ili kukidhi mahitaji ya wakazi wa leo kusiwanyime vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi yao. Fasili hiyo inaegemea ripoti ya tume iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, iliyotolewa mwaka 1987. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliipa miji lengo la 11 katika Malengo ya Maendeleo Endelevu.

Kivumishi endelevu kimeundwa kutokana na kitenzi endelea, kwa kiambishi kile kile kinachopatikana katika -vumilivu na -sikivu, nacho hutaja sifa iliyomo ndani ya kitu. Kwa kuwa neno maendeleo nalo lina asili hiyo hiyo, ni rahisi kuudhania mji unaoendelea kupanuka kuwa ni mji endelevu, ilhali upanuzi wenyewe waweza kuwa ndio unaoumaliza.

Tofauti hiyo huonekana waziwazi Mosocho, kituo cha biashara kilichoko kando ya barabara kuu ya Kisii kwenda Kisumu, katika kaunti ya Kisii nchini Kenya, ambayo sensa ya mwaka 2019 iliihesabia watu 1,266,860, karibu 960 kwa kila kilomita ya mraba. Kwa desturi, shamba la Mgusii, mwenyeji wa eneo hilo, lilikuwa kipande chembamba kilichoteremka kutoka mgongo wa kilima, ilipo njia, hadi kijito cha bondeni, na baba alipowagawia wanawe alikata kwa urefu, hivi kwamba kila mmoja alibaki na njia juu na maji chini. Mgawanyo huo ulistahili kuitwa endelevu kabla istilahi yenyewe haijabuniwa. Vipande vilipokuwa vyembamba mno, na ardhi ya kando ya lami ikapanda bei, mashamba yalianza kukatwa kwa upana, kuwa ploti za futi hamsini kwa mia. Mwenye ploti ya juu hupata barabara, wa chini hutegemea ujia wa kupita mtu mmoja, na choo cha shimo huchimbwa juu ya chemchemi wanakoteka maji wote wawili. Kwenye kingo za vijito hupandwa mikaratusi, ambayo huuzwa upesi lakini hunywa maji mengi.

Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inazipa kaunti wajibu wa kuandaa mipango hiyo, na kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilitaka ukingo wa mto uachwe wazi kwa mita 6 hadi 30. Hata hivyo, katika mahali kama Mosocho, kanuni iliyo nzito kuliko zote ni ya mfuatano wa hatua: njia, mifereji na chemchemi zitengwe kabla mpima hajaweka alama za ploti, kwani ukuta ukishajengwa kila mita ya njia hudai fidia. Vilevile mpango hauna budi kuutazama mteremko mzima, toka mgongoni hadi kijitoni, kwa sababu maji machafu hayatambui mipaka ya mji. Yanayoingia mto Riana kutoka Kisii hufika mto Gucha, kisha Ziwa Victoria, kwa wakazi wasioitwa kamwe kwenye baraza la kujadili mpango wenyewe.