Sehemu ya 5: Kiini kilichofifia na kiini cha njano

Mama wa Tunduma, Vwawa, Mlowo na kote Songwe, leo tumalize ubishi wa mayai. Ukipasua yai la kisasa ukakuta kiini kimefifia, unasema halina vitamini. Unasubiri la kienyeji, bei yake inakushinda, na mtoto anakunywa uji mtupu wiki nzima. Ubishi huu ulishapimwa zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Mwaka 1913 huko Wisconsin, Marekani, Elmer McCollum na Marguerite Davis waliona panya wachanga wakiacha kukua. Walipowapa mafuta ya siagi au ya yai, wakakua tena. Kitu kilichokuwemo ndicho tunachokiita leo vitamini A. Sasa, siagi na kiini vyote ni vya njano, basi wengine wakadhani rangi ndiyo vitamini yenyewe.

Mwaka 1919, Leroy Palmer na Harry Kempster wa Missouri wakafuga kuku kwa chakula kisicho na rangi ile, vitamini A ikitoka kwenye ini la nguruwe. Kuku wakataga mayai yenye viini visivyo na rangi, na vifaranga wakatoka wazima. Rangi ikashindwa kesi.

Mwaka 1930, Thomas Moore wa Cambridge, Uingereza, akaonyesha kuwa njano ya karoti hugeuka vitamini A mwilini. Lakini njano nyingi ya kiini ni ya aina nyingine, haigeuki.

Hapa kwetu mahindi ni meupe. Kuku anayekula hayo na pumba bila majani, kiini kitafifia. Akila mchicha, kinakolea. Ila vitamini inategemea mlo wake wote, na chakula cha kuku cha dukani huwa kimeongezwa vitamini A. Kwa hiyo yai lenye kiini kilichofifia linaweza kuwa nayo ya kutosha kabisa. Rangi ya ganda nayo ni mbegu ya kuku tu.

Kwa hiyo mama, tafuta yai bichi ambalo halijakaa sana. Liweke kwenye bakuli la maji: likilala chini ni jipya, likielea achana nalo. Lichemshe mpaka kiini kigande, umpe mtoto aliyetimiza miezi 6. Na yai halifuti matone ya vitamini A, yale ya Juni na Desemba, mpaka atimize miaka 5.

Mwenzio akibisha sokoni, msimulie kuku wa Missouri.